Backstreet Boys baada ya utoto: DNA, In a World Like This au This Is Us, uanze na ipi?

Kama Backstreet Boys unawajua kwa ngoma za miaka ya tisini tu, zile za albamu ya Millennium na za kabla yake, na sasa umeskia kwamba hawa jamaa hawakuacha kurekodi na kwamba kuna kazi zao zimepigwa kisasa kabisa, albamu utakazokutana nazo mapema ni tatu: This Is Us ya 2009, In a World Like This ya 2013 na DNA ya 2019. Zote tatu zinahangaika na swali lile lile, kwamba kundi lililoanzia Orlando kule Florida mwaka 1993 lifanye nini ili lisikike la leo bila kutupa kile kilichofanya watu walipende. Majibu yake sasa yako mbali mbali sana, na ukianza na ile isiyokufaa unaweza ukaizima nyimbo ya tatu ukasema hawa wazee wameisha, na hawajaisha hata kidogo.

Msimamo wangu nautoa hapa hapa: kwa watu wengi jibu ni DNA. Ila siyo kwa kila mtu, kuna msikilizaji ambaye nikimpa DNA kabla ya In a World Like This namnyima kitu kikubwa, na kuna mwingine anayetaka kucheza tu ambaye This Is Us itamtosha kuliko zote mbili.

Kipimo changu kwanza, maana bila kipimo tutabaki kubishana ladha. Albamu ya wakongwe walioamua kwenda kisasa mi naisikiliza nikitafuta kitu kimoja, sauti zao zimewekwa wapi kwenye miksi. Hawa siyo bendi ambayo watu wanaifuata kwa gitaa au dramu, mali yao ni sauti tano zinavyopangana. Brian Littrell na Nick Carter ndo wanaobeba beti nyingi, AJ McLean ana ile sauti yenye mkwaruzo ambayo huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine, Howie Dorough yuko juu kule anapaa, na Kevin Richardson yuko chini kabisa anashikilia. Enzi zile za Max Martin, mtunzi na prodyuza wa Sweden, na studio ya Cheiron ya Stockholm, biti ilikuwa inajengwa hatua kwa hatua kwa ajili ya korasi, ikifika korasi sauti zote zinafunguka kwa pamoja na hapo ndo mtu anasimamisha alichokuwa anafanya. Kwa hiyo biti kuwa ya kisasa siyo tatizo, walikuwa wa kisasa tangu mwanzo, hata I Want It That Way ilipotoka 1999 ilikuwa ndo sauti ya wakati huo. Tatizo linaanza biti ikikaa mbele na zile sauti tano zikageuzwa pambo la pembeni, maana hapo unasikiliza ngoma ambayo kundi lolote lingeweza kupewa.

Tuanze na This Is Us, maana hii ndo ilikuwa jaribio lao kali zaidi la kuwa wa kisasa. Kevin alishaondoka 2006, kwa hiyo mle ndani wako wanne tu kama walivyokuwa kwenye Unbreakable ya 2007. Wakaenda kwa watu waliokuwa wanawaka wakati huo. RedOne, prodyuza aliyekuwa ametoka kufanya Just Dance na Poker Face na Lady Gaga, akawapa Straight Through My Heart. T-Pain, mwimbaji wa Marekani, akahusika kwenye She's a Dream, mtunzi Ryan Tedder naye yumo, na Max Martin mwenyewe akarudi na Bigger. Ukiyasoma hayo majina unasema hapa lazima kuna mzigo, na kweli Straight Through My Heart ni mzigo, ule wimbo unaenda mbio, sinthi (vinanda vya umeme) zinapiga kifuani, na korasi imepandishwa vile vile kama zamani. Ukiuweka leo pale watu wamesimama na wanataka kusogea, watasogea. Bigger nayo naipenda kwa sababu nyingine, imetulia kidogo, mwanaume anakiri kwamba mwenzake kamzidi utu na moyo, na inaimbwa bila makeke.

Baada ya hizo ndo shida zinaanza. Sehemu kubwa ya albamu ina ule muhuri wa 2009, sauti zimepitishwa kwenye mashine mpaka zimelainika zote zikafanana, na mtu aliyekuja kutafuta AJ anaishia kutafuta AJ yuko wapi. Kwa kundi lingine nisingelalamika sana, ila ukiwa na sauti kama ya AJ halafu unaipiga pasi mpaka ule mkwaruzo unapotea, unatupa mtaji wako mwenyewe. Halafu kuna pengo la Kevin. Wengi wanadhani Kevin hana kazi kubwa kwa sababu haimbi beti nyingi, lakini sikiliza korasi za albamu hii kisha sikiliza za In a World Like This, utaona huku korasi inang'aa ila haina chini, inaelea. Ilishika namba 9 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, na ndo ikawa ya mwisho kwao chini ya Jive, lebo waliyokuwa nayo toka enzi za mwanzo.

In a World Like This sasa ni habari tofauti kabisa, na nataka nikae hapa kidogo maana naona watu wanairuka. Kevin karudi 2012, wako watano tena. Lebo hawana, wameamua kujisimamia, albamu ikatoka 2013 kwa lebo yao wenyewe ya K-BAHN wakishirikiana na kampuni ya BMG. Na kabla ya kurekodi wakaenda London wakapanga nyumba moja wakaishi pamoja, watu wazima, wengi wao wenye wake na watoto, wamerudi kulala chini ya paa moja kama vijana, wakaandika nyimbo na prodyuza Martin Terefe. Hiyo imeingia kwenye muziki, unaisikia. Nyimbo nyingi humu zimeandikwa na wao wenyewe wakishirikiana na watu wengine, na mambo wanayoyasema ni ya watu wa umri wao. Show 'Em (What You're Made Of) ilitokana na AJ na Kevin kuwa baba, ni wazazi wanawaambia watoto wao maisha yana milima na wasimame imara, na hata ile filamu yao ya maisha yao iliyotoka 2015 ilichukua jina kutoka kwenye wimbo huo. Madeleine ni gitaa na upole tu, wanamtia moyo msichana aliyeelemewa. Sidhani kama kundi hili limewahi kuwa na upole wa namna hiyo kwenye albamu zao za miaka ya tisini, wakati ule kila kitu kilikuwa mapenzi na kuachana.

Lakini je ni ya kisasa? Nusu. Wimbo uliobeba jina la albamu aliuandika Max Martin pamoja na Kristian Lundin na Savan Kotecha, na Lundin ni mtu wa Cheiron toka zamani, kwa hiyo hapo umepata wale wale waliowatengeneza wakiwatengeneza upya kwa sauti ya 2013. Umeenda vizuri sana, una kasi, unapumua, na sauti ziko mbele. Permanent Stain iko kwenye mstari huo huo, na Love Somebody inataka kukuinua kwenye kiti. Ila ukitoka hapo unaingia kwenye Try ambayo ina harufu ya soul ya zamani, ukija Feels Like Home umeingia kantri, na kati yake kuna balladi za gitaa. Mtu anayetaka albamu yenye rangi moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho atachoka, ataona kama wamekusanya nyimbo kutoka vikapu tofauti. Mi hilo naliona ni udhaifu wa kweli, siyo wa kusingizia. Kuna sehemu ya katikati pale inashuka na haiinuki haraka.

Pamoja na hayo, mtu anayesikiliza mashairi kwanza, anayetaka kuskia watu wanaongea kitu, aanze hapa. Nasema hivyo kwa moyo wote. DNA ni albamu bora kwa ujumla, ila haina kitu kinachokushika moyo kama Madeleine na Show 'Em zikikaa kwenye masikio yako siku ambayo mambo yako hayajakaa sawa.

Sasa DNA. Ilitoka Januari 25, 2019 chini ya lebo ya RCA, miaka sita kasoro toka ile ya nyuma, na mlango wake ulifunguliwa na Don't Go Breaking My Heart iliyotangulia Mei 2018. Wimbo huo ndo jibu la lile swali la mwanzo kabisa. Unaanza taratibu, biti imepunguzwa, hakuna makelele, sinthi zinapumua chini chini kama pop ya 2018 ilivyokuwa inafanya, halafu korasi inakuja na zile sauti zinafunguka kwa pamoja vile vile kama Stockholm ya 1999. Hawakuimba kama vijana na hawakujifanya wa zamani. Wimbo ukawarudisha Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, baada ya zaidi ya miaka kumi, haukufika mbali sana huko, namba 63, lakini ukaingia kwenye kugombea Grammy ya 2019 upande wa pop ya makundi, tuzo iliyochukuliwa na Shallow ya Lady Gaga na Bradley Cooper. Kushindwa na Shallow mwaka ule hakuna mtu wa kuona aibu.

Kisha kuna Chances, na hapa pana kitu ambacho mimi kinanifurahisha sana kama mpenzi wa hawa jamaa. Walioiandika ni pamoja na Ryan Tedder, yule yule wa This Is Us, na mwimbaji Shawn Mendes wa Canada. Mendes kazaliwa 1998, wakati Backstreet Boys tayari wana albamu sokoni na watu wanazimia kwenye matamasha yao. Mtoto aliyekulia kwenye muziki walioutengeneza wao ndo kaja kuwaandikia, na unasikia kabisa kwamba ule mwendo wa gitaa na maneno kukimbiliana ni wa Mendes, lakini wakiimba wao unakuwa mzito zaidi, una watu watano ndani yake. Hivyo ndo kolabo na kizazi kipya inavyotakiwa ifanyike, wimbo unapewa wenye sauti, siyo kumbandika kijana kwenye beti ya pili ili wimbo uonekane mpya.

Breathe ndo niliyoisubiri kuizungumzia. Ukitaka wimbo mmoja tu wa kuamua kama DNA inakufaa basi uwe huu. Unaanza kwa sauti zao, vyombo karibu hamna, wanapangana moja juu ya nyingine, na hata biti ikiingia haiwi mkubwa wao. Weka hedifoni nzuri uisikilize chini upande wa Kevin halafu uisikilize tena ukimfuata Howie juu, ni kama nyimbo mbili. Angalizo ambalo litakuokoa usumbufu: In a World Like This nayo ina wimbo unaitwa Breathe, na ni wimbo mwingine kabisa, siyo marudio, kwa hiyo ukitafuta kwa jina angalia albamu na mwaka kwanza, usije ukahukumu huu kwa ule.

Jina DNA wenyewe walilieleza kwamba kila mmoja kaja na asili yake ya muziki na zikichanganywa ndo linapatikana kundi. Ukisikiliza unakubali. Passionate na New Love zina besi ya kuchezesha mabega, No Place ina gitaa za kikantri na video yake wamejaza wake na watoto wao, Chateau imekaa kiakustiki, The Way It Was inapita njia ya soul. Utaniuliza sasa hivi si ndo kosa lile lile la In a World Like This, vikapu tofauti? Hapana, na tofauti ni ndogo lakini ndo kila kitu. Kwenye DNA nyimbo zinabadilisha nguo ila sauti zimerekodiwa na kuwekwa sehemu moja toka mwanzo mpaka mwisho, karibu na wewe, mbele ya biti, na nyimbo ziko 12 fupi fupi hazikai mpaka zikachosha. Albamu inashikana kwa sababu ya sauti, siyo kwa sababu ya biti. Ndo maana nikasema pale juu kwamba kipimo ni sauti zimekaa wapi.

Kuna jambo la Brian pia, naomba nilitaje kwa heshima maana kuna watu wanasikiliza kazi mpya na kuanza kusema sauti yake imekwisha. Mwenyewe amelisema hadharani miaka mingi, ana tatizo la misuli ya koo linalofanya sauti isitoke anavyotaka, na hiyo filamu yao haikulificha. Ukijua hivyo unasikiliza tofauti. Kwenye DNA kazi imegawanywa kwa akili, Nick na AJ wamebeba zaidi, Brian anaingia pale ambapo rangi ya sauti yake inatakiwa, na akiingia unamjua papo hapo. Mi naona hiyo nayo ni sehemu ya usasa wa albamu hii, kukubali sauti za watu wa miaka arobaini na kuziandikia nyimbo zinazozitosha, tofauti na 2009 ambapo mashine ilipewa kazi ya kuwarudisha utotoni.

Udhaifu wa DNA? Upo. New Love mi inanipita, ule utani wake wa kimahaba haunikai, naona ni wimbo ambao ungewafaa watu wengine. Is It Just Me nzuri ila ukimaliza albamu huikumbuki. Na mwisho unateremka, Just Like You Like It na OK ni nyimbo za kutulia tu, mtu aliyenogewa na mwanzo anaweza akasubiri pigo lingine la mwisho na lisije.

Na usichague kwa chati, tafadhali. Utakutana na watu wanakwambia DNA ndo kubwa kwa sababu iliingia namba 1 Billboard 200, ya kwanza kwao kufika hapo toka Black & Blue ya 2000. Ni kweli ilifika, yuniti 234,000 wiki ya kwanza (hesabu inayojumlisha mauzo na usikilizaji wa mtandaoni), ila karibu zote, 227,000, zilikuwa mauzo ya albamu nzima, na mauzo hayo yalibebwa sana na mpango wa kununua tiketi ya tamasha ukapewa na albamu. Hiyo inaonyesha kundi bado linapendwa na watu bado wanalipa kwenda kuwaona, na hilo ni jambo kubwa kwa kundi la umri ule, lakini haikwambii nyimbo zikoje. In a World Like This ilifika namba 5 bila lebo kubwa nyuma yake na ndani yake kuna nyimbo zinazozidi baadhi ya zile za DNA.

Kwa hiyo ukitaka kuamua haraka, jiulize unasikiliza muziki kwa sababu gani. Ukiwa mtu wa harmoni, unayefuatilia sauti ya pili na ya tatu zinafanya nini, DNA bila kufikiri, na ukianza uanze na Breathe kisha urudi wimbo wa kwanza. Ukiwa hujawahi kuwapenda kabisa na umesikia tu kwamba wamekuwa wa kisasa, DNA pia, maana haihitaji kumbukumbu yoyote ya zamani ili ikuingie. Ukiwa mtu wa maneno, hasa ukiwa mzazi au umepita kipindi kigumu, In a World Like This, na pale katikati ikishuka usiogope kuruka nyimbo moja mbili. Ukiwa unatafuta ngoma za kukimbilia mazoezini au za kuchangamsha watu, chukua Straight Through My Heart kutoka This Is Us, ongeza Bigger kwa ajili yako mwenyewe, na sioni ulazima wa kununua albamu nzima.

Aliyekua nao toka Millennium namshauri njia nyingine kidogo, asiende moja kwa moja DNA. Aanze na wimbo wa In a World Like This wenyewe, kwa sababu ule ndo una Max Martin na Lundin ndani, masikio yake yatautambua ndani ya sekunde chache, halafu Show 'Em ili awaone wamekua, ndo aingie Don't Go Breaking My Heart. Akifuata huo mpangilio atasikia safari, siyo mshtuko. Na kama kwenye DNA kitakachomnasa ni No Place, arudi 2013 kwenye Feels Like Home, ni ndugu. Kikimnasa ni Passionate, hapo ndo ampe This Is Us nafasi ya pili.